Ng'ombe wa Mama na Wimbo Usioshuka

Nilimtungia ng'ombe wa mama wimbo unaopanda bila kushuka, nikampigia wakati kiwele kimejaa, halafu nikasimama pembeni nikicheka huku rafiki yangu akirekodi kwa simu. Hilo ndilo jambo la kijinga nililolifanya. Nalitaja mwanzoni kabisa ili usifike katikati ukaanza kunihurumia.

Huyo ng'ombe hakuwa wetu moja kwa moja. Mama yuko kwenye kikundi cha akina mama wa Tukuyu na vijiji vya jirani, na kikundi kina utaratibu wake: unapewa mtamba, unamlisha, akizaa ndama jike wa kwanza unamkabidhi mama anayefuata kwenye orodha. Ukishamkabidhi, ng'ombe anakuwa wako. Kabla ya hapo ni wa kikundi, na ana kadi yake kama mtoto wa kliniki. Wetu alitoka kwa mama mmoja wa Masoko, akaletwa kwa miguu mpaka kwetu Bagamoyo, ile ya hapa Tukuyu, si ya pwani, amelowa kama sisi tuliomfuata nyuma. Nyuma ya kadi kuna kanuni, na moja naijua kwa kichwa kwa sababu mama aliisoma kwa sauti mara mbili siku ile ile: mnyama akiharibika kwa uzembe, anahamishwa.

Alizaa ndama jike. Mama alikaa bandani akimtazama yule ndama kama mtu anayetazama tiketi ya kutokea gerezani. Ilibaki miezi michache tu aachishwe, akabidhiwe, basi.

Wiki mbili baadaye mama akateleza na mzigo wa majani kwenye kile kinjia cha nyuma ya migomba, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavimba, kikafungwa bandeji, na mimi nikawa mkamuaji. Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya shule. Nilikuwa kidato cha tatu, nina heshima zangu darasani kama mtu anayeweza kumwigiza mwalimu yeyote, na sasa nanuka maziwa.

Ng'ombe hakunikubali. Mama alipokuwa akimkamua alikuwa akivuma kwa sauti ya chini, mdomo umefungwa, na maziwa yalikuwa yakishuka tu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikavuta, yeye akageuza shingo akanitazama kama karani anayekuambia urudi kesho. Siku tatu nilipata nusu ya alichokuwa akipata mama. Kuvuma sikuweza. Sauti yangu wakati ule ilikuwa inavunjika. Nikianza kama baba mtu namalizia kama kifaranga.

Ndipo nikaikumbuka ile programu kwenye simu ya mama. Unaiandikia maelekezo, akili mnemba inakutungia muziki. Inakupa nyimbo tano za bure kwa siku. Kuhusu kodi za muziki nilikuwa najua kidogo, kwa sababu kanisani huwa nakaa nyuma ya mpiga kinanda, si kwa utakatifu, ni kwa sababu pale mahubiri hayasikiki vizuri. Kodi ni zile sauti tatu au nne zinazobonyezwa pamoja. Ukianza na kodi ya do, ukapanda ya fa, ukapanda ya so, sikio linaanza kudai kurudi nyumbani kwenye do. Ukisimama pale juu kwenye so, msikilizaji anabaki ameshika pumzi. Nilimwona mpiga kinanda akilifanya hilo kabla ya sadaka, nikaelewa mambo mengi.

Nikaandika: kinanda laini, taratibu, hakuna ngoma, kodi zipande ngazi moja moja mara nne kama mtu anapanda kilima, kisha zirudi nyumbani polepole.

Siku ya kwanza ng'ombe alisimamisha masikio. Siku ya pili akaanza kucheua. Siku ya nne, kodi zilipofika ngazi ya tatu, nikasikia chuchu zimejaa mkononi, na ziliporudi nyumbani maziwa yakatoka kwa kishindo mpaka povu likapanda kwenye ndoo. Kuanzia hapo ikawa hivyo kila siku. Alijua wimbo ukipanda nini kinafuata. Mama alikuja mlangoni, akasikiliza, akatazama ndoo.

"Nani anapiga kinanda?"

"Hakuna mtu mama. Ni simu."

"Anajua kuliko yule wa kanisani," akasema, akaondoka. Kwa mama hiyo ni shahada.

Ningeishia hapo ningekuwa mtoto mzuri. Lakini nina rafiki, tunakaa dawati moja, na kichwa chake na changu vikikaa pamoja vinapungua badala ya kuongezeka. Jumamosi saa tisa alasiri alikuja kuona muujiza. Nikampigia wimbo, nikamwonyesha ngazi ya tatu, chuchu zikajaa mbele ya macho yake.

"Kwa hiyo anasubiri irudi chini ndipo aachie?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na isiporudi?"

Nilimwambia atulie nimalize kukamua. Lakini swali lilikuwa limeshaingia. Nikaacha kukamua. Nilikuwa nimekamua labda vikombe viwili tu, nikafuta mikono, nikaandika mengine: mwanzo uwe ule ule, kinanda kile kile, ila kodi zipande nusu hatua kila baada ya sekunde chache, zipande tu, zisirudi nyumbani mpaka mwisho. Rafiki yangu akatoa simu ya dada yake aliyokuja nayo.

"Malafyale wa maziwa," akasema akianza kurekodi. Malafyale kwetu ni chifu. "Tuonyeshe."

Mwanzo ng'ombe alisimama kama kawaida. Ngazi ya tatu ikapita. Ya tano. Ya saba. Masikio yakaenda nyuma. Akaacha kucheua, tonge likabaki shavuni. Mguu wa nyuma ukaanza kuinuka na kushuka, kuinuka na kushuka, hapigi teke, anauliza tu. Wimbo ukazidi kupanda, mpaka mimi mwenyewe meno yakaanza kuniwasha, na sisi tunacheka tumeshikana mabega. Ulipofika mwisho ulikatika juu kabisa. Ng'ombe akatoa pumzi ndefu puani, akajisaidia, akageukia ukuta.

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikarudi kwenye kigoda, nikaweka wimbo wa zamani, nikashika chuchu. Zilikuwa tupu kama vidole vya glavu. Kiwele juu yake kimejaa, kigumu.

"Ameganda," rafiki yangu akasema.

"Ataachia tu."

Hakuachia. Na hapo ndipo nilipogundua ukubwa wa nilichokifanya: nyimbo zote mbili zilikuwa na mwanzo mmoja. Niliutaka hivyo mwenyewe, ili utani ukolee. Sasa kila nilipopiga ule mzuri, sekunde ya kwanza tu masikio yanaenda nyuma. Nikizima simu, hakuna wimbo, hakuna maziwa, maana nimemzoesha wimbo. Nilikuwa nimefunga mlango na ufunguo nimeuvunjia ndani.

Rafiki yangu akasema mama yake anamsubiri. Hakuna aliyekuwa anamsubiri.

Jioni mama aliangalia ndoo. "Mbona hivi?"

"Ndama alifunguka, amenyonya."

Ilitoka kirahisi sana. Mama akaenda kukaza kamba ya ndama ambayo haikuwa imelegea.

Jumapili asubuhi nilipata vikombe vitatu. Nikasema ng'ombe hali vizuri. Mama akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda kumwongezea pumba kwa mkono wa kushoto. Ibadani sikusikia kitu. Kila mpiga kinanda alipopanda nilihesabu ngazi, na alipochelewa kurudi nilishika benchi la mbele. Jioni vikombe viwili. Nilimwambia mama kwamba nimemwachia ndama kwa sababu anaonekana amekonda.  Mama alikuwa anamtazama ndama, ambaye hakuwa amekonda hata kidogo.

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikaingia bandani na simu. Nilitunga nyimbo nne mfululizo kujaribu kurekebisha. Moja ikaja na filimbi, ng'ombe akarudi nyuma. Ya pili ikaja na mtu anaimba kwa Kiingereza. Ya tatu na ya nne zilianza na kinanda, na kinanda chochote sasa kwake kilikuwa adui. Nilipogusa robo ya kiwele ya nyuma kushoto, yenye chuchu yake, akapiga teke la kweli, ndoo ikaenda ukutani. Kiwele upande ule kilikuwa cha moto kama sufuria.

Sauti ya ndoo ndiyo iliyomleta mama. Akapiga magoti kwenye tope la banda, akaweka kiganja kizima kwenye kiwele.  Hakunitazama.

"Leta simu," akasema. Nikampa. Akampigia bwana mifugo.

Alifika na pikipiki, koti la mvua linachuruzika, mabuti hadi magotini. Akasalimia, "Ndaga, mama," akaingia moja kwa moja. Akakamulia matone kwenye kikombe cheusi, akakiinamisha kuelekea mwanga. Yalikuwa na mabonge, kama maziwa yaliyokatika.

"Ugonjwa wa kiwele, unaanza," akasema. "Dawa ninayo. Lakini siingizi dawa kwenye kiwele kilichojaa, itakuwa kazi bure. Aachie maziwa kwanza, yaishe, ndipo niiweke. Na nina ng'ombe mwingine Kisiba anazaa vibaya tangu alfajiri. Nawapa nusu saa. Baada ya hapo mpaka jioni sijarudi, na mpaka jioni hiyo chuchu imekwenda."

Mama alijaribu kwa mkono wa kushoto. Hakuna. Tukakanda kwa kitambaa na maji ya moto. Hakuna. Tukamleta ndama, akagonga kiwele mara moja kwa kichwa, mama yake akamrusha pembeni. Bwana mifugo akatazama saa.

"Amekataa tangu lini?"

"Jumamosi," mama akasema. "Ndama alifunguka, akanyonya yote. Tangu hapo hatoi."

Bwana mifugo akamgeukia mama taratibu. "Ndama akinyonya yote, mama, kiwele hakijai hivi. Huyu ndama hajanyonya Jumamosi. Huyu ng'ombe amezuia."

Mvua ilikuwa inapiga bati.  Mama alinigeukia tu, akasubiri, na nakuambia hakuna kodi yoyote niliyowahi kuisikia iliyokaa juu muda mrefu kama kusubiri kule.

Nikasema. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikamtaja rafiki yangu, nikamfuta, nikamtaja tena. Nilieleza kodi, ngazi, utani, na kwamba ndama hakufunguka. Sauti ilivunjika mara mbili na hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Muziki," bwana mifugo akasema, kwa namna ya mtu anayetafuta pa kuliandika neno hilo.

"Ipige nisikie," mama akasema.

Nikapiga ule wa utani. Sekunde tano hazijaisha ng'ombe alikuwa amekaza mgongo mzima, ngozi inatetemeka ubavuni. Mama akanyoosha mkono, nikazima.

"Nyimbo za bure zimebaki ngapi?"

"Moja. Kwa leo imebaki moja."

"Dakika ishirini," bwana mifugo akasema.

Nikafungua programu. Vidole vilikuwa na tope. Nilianza kuandika kodi zipande mara nne, mama akasogea akasoma juu ya bega langu. "Mara nne za nini? Unamkamua au unampandisha mlima Rungwe?"

"Ndivyo alivyozoea."

"Hajazoea. Wewe ndiye uliyezoea." Akainua mkono wake mzima mbele ya uso wangu, akaufunga kidole kimoja baada ya kingine kuanzia juu, akaufungua. "Mkono ukibana, sauti inapanda. Mkono ukifunguka, sauti inarudi. Basi. Inapanda kidogo, inarudi. Urefu wa pumzi yake, si yako. Na toa hicho kinanda."

Nikaandika: sauti za wanawake wakivuma midomo imefungwa, hakuna ala yoyote, kodi zipande ngazi mbili tu na zirudi nyumbani ndani ya pumzi moja ya ng'ombe, tena na tena, hakuna mshangao. Nikasoma mara tatu. Neno "mshangao" nililiandika nikiwa na aibu. Nikabonyeza.

Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Mtandao ukashuka ukabaki mstari mmoja. Bwana mifugo akatoka nje akatazama barabara, akarudi. Kiduara kikasimama, kikaendelea. Sikuwahi kuomba kwa ajili ya mtihani kama nilivyoiombea simu ile.

Ulipoanza kulia nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda. Sauti za wanawake ambao hawapo duniani zikapanda ngazi mbili, zikarudi. Ng'ombe akaweka masikio nyuma. Zikapanda, zikarudi. Mama alikuwa amemwekea kiganja ubavuni. Nilishika zile chuchu nzima, nikabana sauti ikipanda, nikafungua ikirudi. Hakuna. Hakuna tena. Mara ya tisa au ya kumi, sikio moja likaja mbele. Nilitamani kusema kitu cha kuchekesha, nikauma ulimi. Kisha nikasikia chini ya vidole ile hali, kama bomba linavyotetemeka maji yakiwa njiani.

Robo tatu za kiwele ziliachia. Ya nne ilitoa mabonge, kisha maji ya njano, kisha uzi wa damu, kisha maziwa membamba. Kila nilipoigusa ng'ombe alitetemeka. Bwana mifugo akanisukuma kando, akafuta chuchu, akaingiza mrija wa dawa, akakanda kuelekea juu. Dakika nne zilikuwa zimebaki kwenye nusu saa yake.

Alinawa, akachukua kadi ya ng'ombe kutoka kwa mama, akatoa kalamu. Akaandika tarehe, ugonjwa, dawa. Akasimama. "Hapa kuna sehemu ya sababu."

Mama alikuwa anamfuta ng'ombe.

"Naweza kuandika baridi na uchafu wa banda," akasema bwana mifugo kwa sauti ya chini. "Mvua hizi, wengi wanapata. Nikiandika alivyosema kijana, Jumatano kikundi kikija kukagua watasoma. Kanuni unaijua."

Nilitazama ile kalamu. Nilitaka aandike baridi. Nilitaka hivyo kwa moyo wote, na ningekuwa mama ningesema baridi kabla hajamaliza kuuliza.

"Banda langu si chafu," mama akasema. "Andika alivyosema."

Siku mbili zile sikuwa mtu. Nilimkamua mara nne kwa siku kwa maelekezo ya bwana mifugo, nikachelewa shule, nikachapwa, nikashindwa hata kumwigiza aliyenichapa. Rafiki yangu alifuta ile video bila kuambiwa. Mama aliongea nami maneno ya kazi tu: maji, majani, kitambaa. Usiku nilimsikia anatoka kwenda bandani, anarudi.

Jumatano walikuja akina mama saba, miavuli na kanga juu ya masweta. Mwenyekiti wao alisoma kadi yote kwa sauti, na alipofika kwenye sababu akasimama, akairudia kimoyomoyo, akampa wa pembeni ahakikishe. Imeandikwa: mtoto alimchezea mnyama kwa muziki.

Walijadili mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya banda. Mmoja akasema kanuni ni kanuni, apelekwe Kisiba kuna mwenzao anasubiri. Mwingine akasema mkono wa mama umeumia, angefanyaje. Wa kwanza akasema mkono uliumia wa mama, kichwa kiliumia cha mtoto, kanuni haisemi habari za kichwa. Mama alisimama karibu na ndama, kamba ameizungusha kwenye vidole vyake. 

Aliyekata shauri ni mama mfupi aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Ndiye aliyefuata kwenye orodha. Ndama yule alikuwa wake. Ng'ombe akihamishwa sasa, ndama naye angehama bado ananyonya, na wote wanajua ndama wa namna hiyo huishia wapi.

"Akamue," akasema. "Tuone."

Nikakaa. Simu nikaiweka kwenye ukingo wa hori, wale wanawake wasiokuwapo wakaanza kuvuma, wale saba waliokuwapo wakanyamaza. Nilibana sauti ikipanda, nikafungua ikirudi. Robo tatu zikatoa vizuri. Nilipofika kwenye ile ya nyuma kushoto nikasita. Nikabana. Ikatoa mshipa mwembamba, mweupe, hauna bonge. Mama mfupi akainama, akapokea kidogo kiganjani, akasugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Chuchu tatu na nusu," akasema. "Mimi mwenyewe nina wajukuu wenye akili nusu na tunaishi nao. Abaki. Lakini mpaka ndama wangu atakapotoka hapa, huyu kijana alete mwenyewe maziwa ya asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, na mimi nitakuwepo."

Mwenyekiti akauliza wangapi wanakubali. Yule wa kanuni ndiye aliyeinua mkono mwisho, na nusu tu.

Walikunywa chai, wakasifu migomba, wakaondoka wakiteremka barabarani na miavuli yao. Nilikuwa mlangoni mwa banda nimeshika ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikasikia kicheko kinanijia. Nikamgeukia mama nikitabasamu, nikitafuta cha kusema. Mama aliwatazama mpaka mwavuli wa mwisho ulipokata kona. Kisha akasema:

"Weka ndoo chini, uingie ndani. Wale wameshamaliza na wewe. Mimi bado sijaanza."